Makomeo, bawaba na minyororo ya kifaru cha skeli ya 1/16: shaba ya kuchongwa kwa kemikali, rezini ya printa au kazi ya mkono?

Aliyezoea kuunda modeli za vifaru vya kivita za skeli ya 1/35, yaani zilizopunguzwa mara 35, huridhika na shoka lililotoka kiwandani likiwa limeungana na komeo lake (kibano kinachoshikilia kifaa juu ya kifaru), kwa sababu katika ukubwa huo komeo lenyewe halizidi punje ya mtama na jicho hulisamehe. Skeli ya 1/16 haina msamaha huo. Tiger I, kifaru cha Kijerumani kilichokuwa na urefu wa mita 8.45 kutoka ncha ya mzinga hadi nyuma, kikipunguzwa mara 16 hubaki na takriban sentimita 53, na kila bawaba ya vifuniko vyake huonekana wazi kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa meza. Mtu akiona bawaba, kidole chake huenda kuijaribu, na hapo ndipo mwundaji anapojiuliza kama kifuniko kifunguke kweli, na kikifunguka, kiungo chake kitengenezwe kwa kitu gani.

Njia zinazotumika zaidi ni tatu. Ya kwanza ni kununua mabamba ya shaba nyeupe (ambayo licha ya jina lake ina rangi ya manjano) yaliyochongwa kwa kemikali, kisha kukata na kukunja vipande vyake. Ya pili ni kuchapisha kwa printa ya 3D sehemu za rezini, yaani plastiki ya maji inayogandishwa kwa mwanga. Ya tatu ni kutengeneza kila kitu kwa mkono kutokana na mirija, waya na bati jembamba. Wanaouliza kuhusu njia hizi mara nyingi hutaka kuambiwa nyenzo iliyo bora. Kwa maoni yangu swali hilo limeanzia mahali pasipofaa, kwa kuwa kifaru kimoja kina viungo vya aina nyingi, na kiungo kimoja hudai kile ambacho kingine hakikihitaji hata kidogo.

Nimemchukua Tiger I kuwa mfano kwa sababu amejaa vitu vinavyosogea: madigadi ya mbele yenye bawaba, vifuniko vya mnara na vya injini, makomeo ya shoka, nyundo, koleo na nyaya za kukokotea, mikono 16 inayobeba magurudumu, na minyororo miwili yenye pingili 96 kila mmoja. Vilevile vipimo vyake vinaweza kuhakikiwa. Kifaru namba 131, kilichotekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi Aprili 1943, kipo katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, na bado kinawashwa na kutembea. Picha zake za karibu ni nyingi kiasi kwamba mwundaji anayebishana na maelekezo ya seti yake ana mahali pa kupata hukumu.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni unene. Bati la milimita 3 kwenye kifaru halisi linapaswa kuwa na takriban milimita 0.19 kwenye modeli, na madigadi ya plastiki yenye unene wa milimita 1 humwambia mtazamaji kwamba kifaru kilivaa madigadi ya milimita 16, jambo ambalo ni kichekesho.

Cha pili ni uelekeo wa nguvu pamoja na idadi ya safari ambazo kiungo kitafunguliwa. Komeo la shoka likifunguliwa mara tano maishani mwake limetumika sana. Pingili ya mnyororo wa kifaru kinachoendeshwa kwa rimoti hujipinda na kujinyoosha maelfu ya mara, tena ikiwa imevutwa. Hizi ni kazi mbili tofauti kabisa, hata kama zote huitwa kiungo kinachosogea.

Cha tatu ni rangi, na ningeomba msomaji akitilie maanani kuliko alivyozoea. Rangi ya kupuliza huweza kuwa na unene wa takriban milimita 0.02 kwa kila tabaka. Ukiweka praima (rangi ya msingi), rangi na vanishi, halafu ukakumbuka kwamba mwanya wa bawaba una kuta mbili na zote mbili hupakwa, tayari umekula zaidi ya milimita 0.1. Kiungo kilichosogea vizuri kikiwa kitupu hugoma baada ya kupakwa rangi. Madigadi yangu ya kwanza yenye bawaba yalifunguka jioni nzima mbele ya kila mgeni. Wiki mbili baadaye, yakiwa yamekwisha kupakwa rangi ya mchanga, niliyalazimisha kidogo tu na bawaba ikang'oka pamoja na kipande cha bati. Kosa halikuwa la rangi. Sikuwa nimeiachia nafasi yake.

Vinavyobaki ni zana, mazoezi ya mkono, gharama na urahisi wa kupata vifaa, ambavyo kila mtu atavipima kulingana na mfuko wake na mahali anapoishi.

Shaba iliyochongwa kwa kemikali

Mabamba haya hutengenezwa kwa kufunika bati la shaba kwa utando unaoathiriwa na mwanga, kulimulika kupitia filamu yenye mchoro, kisha kulitumbukiza katika kemikali, mara nyingi kloridi ya feri, ambayo hula sehemu zilizoachwa wazi. Bati likiliwa pande zote mbili hutoboka. Likiliwa upande mmoja tu hubaki na mfereji wa nusu unene, na huo ndio mstari wa kukunjia. Kampuni ya Aber ya Poland ni miongoni mwa zilizojijengea jina kwa seti za aina hii, zikiwemo za skeli ya 1/16 ambazo makomeo na bawaba zake hukusudiwa kusogea.

Kwa upande wa unene, njia hii haina mpinzani wa karibu. Bamba la milimita 0.15 hadi 0.2 huwakilisha bati halisi la milimita 2.4 hadi 3.2, kwa hiyo madigadi, vifuniko vyembamba na mikanda ya makomeo hutoka yakiwa na ukingo unaoaminika, na yakipindwa kidogo kwa koleo huonekana kama bati halisi lililogongwa ukutani. Udhaifu wake unatoka mahali palepale, kwa kuwa kila kitu huanza kikiwa bapa. Mpini wa mviringo, kichwa cha bolti au nati ya mabawa hubaki na sura ya karatasi isipokuwa mtu arundike tabaka kadhaa au abadilishe kipande hicho kwa waya.

Bawaba ya shaba ya kuchongwa hupatikana kwa kuviringisha ndimi ndogo kuzunguka waya. Ukitumia waya wa milimita 0.5 na bati la 0.15, ulimi unahitaji urefu wa takriban milimita 2 ili uzunguke wote, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu bati likitoka kiwandani huwa gumu na hupenda kurudi lilikotoka. Dawa yake ni kulipitisha kwenye mwali wa moto hadi libadilike rangi, kisha kuliacha lipoe. Shaba iliyolainishwa hivyo hufuata waya bila ubishi. Ila usilainishe bamba zima, kwa kuwa madigadi yaliyolainishwa yatakunjika siku yoyote utakapoyafuta vumbi.

Uimara wa kiungo hiki unategemea namna kilivyoshikizwa kuliko shaba yenyewe. Supaglu hushika vizuri pale panapovutwa moja kwa moja, lakini hupasuka kirahisi pale panapokwanguliwa kwa ubavu au kubanduliwa kuanzia ukingoni, na bawaba hubandua kila inapofunguka. Kwa sababu hiyo bawaba inayotarajiwa kufunguliwa hulehemiwa. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kwenye takriban nyuzi 183 hadi 190 za Selsiasi, na pasi ndogo yenye ncha safi hutosha, mradi dawa ya kulehemu ioshwe vizuri baadaye. Isipooshwa, doa la kijani hujitokeza chini ya rangi miezi michache mbele.

Makomeo ya vifaa ndiyo sifa kuu ya njia hii. Komeo moja hutoka kwa vipande vitano au sita, na likikamilika hufunguka, huachia shoka na kufungika tena kama lile halisi. Ni kazi ya kuchosha macho, na ningemshauri yeyote ajaribu mawili kabla ya kuagiza thelathini. Kwa gharama, seti kamili ya kifaru kimoja inaweza kukaribia bei ya modeli yenyewe. Hata hivyo bamba husafiri vizuri kwa posta kwa kuwa ni bapa na jepesi, jambo la maana kwa mtu anayeagiza kutoka Mombasa au Mwanza.

Rezini ya printa

Printa inayozungumziwa hapa ni ile inayogandisha rezini ya maji kwa mwanga wa urujuanimno, tabaka kwa tabaka, kila moja ikiwa na milimita 0.03 hadi 0.05. Printa inayoyeyusha uzi wa plastiki ni kitu kingine. Mdomo wake wa kawaida una tundu la milimita 0.4, kwa hiyo haiwezi kutoa komeo lenye mkanda wa milimita 0.15, na wengi wanaotangaza huduma ya kuchapisha katika miji yetu wanayo hiyo. Ni vyema kuuliza kabla ya kulipa.

Rezini hushinda pale ambapo umbo ni tata na la mviringo: vichwa vya bolti, jeki yenye meno yake, taa, nati za mabawa, nembo za kiwanda cha chuma kwenye pingili za mnyororo. Kile ambacho shaba hukijenga kwa tabaka nne, printa hukitoa kikiwa kizima. Kwa unene, hata hivyo, hali ni kinyume. Ukuta wa rezini wa chini ya milimita 0.3 huvunjika wakati wa kukata vishikizo vyake, yaani vijiti vinavyoubeba unapochapishwa, na milimita 0.3 ni karibu milimita 5 za kifaru halisi. Kwa pingili ya chuma cha kumimina unene huo si tatizo. Kwa madigadi ni tatizo kubwa.

Kuhusu viungo, rezini ya kawaida ni ngumu na kavu kama biskuti. Pini ya rezini yenye kipenyo cha milimita 0.6 hukatika mapema mno, na kuiacha chini ya taa muda mrefu zaidi kwa nia ya kuiimarisha huizidishia ukavu. Wanaofanikiwa huchapisha matundu pekee, wakapitisha pini ya chuma. Hapa nitaongeza ushauri unaofaa popote penye duka la vyombo vya muziki: uzi wa kwanza wa gitaa, ulio mwembamba kuliko wote, huwa na kipenyo cha takriban milimita 0.25, ni wa chuma cha springi, na mmoja hutosha pini za vifuniko vyote vya kifaru. Kuna pia rezini zinazouzwa kama ngumu kuvunjika, ambazo huchanganywa na ile ya kawaida, na kwa pingili za mnyororo hizo ndizo za kufikiria.

Mwanya unaopendekezwa kati ya sehemu mbili za rezini zinazosogea ni milimita 0.15 hadi 0.2, na sasa msomaji anaweza kufanya hesabu mwenyewe: tukitoa milimita 0.12 za rangi, kinachobaki ni kidogo mno. Faida ya printa ni kwamba mchoro hubadilishwa. Ongeza mwanya hadi 0.3, chapisha upya, na gharama yake ni rezini kidogo na usiku mmoja. Shaba iliyochongwa haikupi nafasi hiyo. Kipimo cha aliyeichora ndicho kipimo chako.

Kuna mambo ambayo wauzaji huyataja kwa sauti ndogo. Rezini isiyogandishwa hudhuru ngozi, na mtu anayeishika mara kwa mara bila glavu anaweza kupata mzio usiomwacha tena. Harufu yake inahitaji chumba chenye madirisha wazi. Na alkoholi ya kuoshea hushika moto. Chumba cha kulala, ambacho ndicho karakana ya wengi wetu, hakifai.

Gharama inategemea kama unayo printa. Ukiwa nayo, pingili 192 za minyororo miwili hugharimu kiasi kidogo cha rezini, ila utalipa kwa muda wa kukata vishikizo na kusugua alama zake kwa msasa. Usipokuwa nayo, kuagiza sehemu zilizochapishwa ng'ambo kuna hatari ya kufika zikiwa zimevunjika, na rezini yenyewe, kwa kuwa ni kemikali ya maji, husumbua kusafirishwa kwa ndege.

Kazi ya mkono

Njia ya tatu ndiyo ya zamani kuliko zote, na mwalimu wake wa karibu ni sonara. Zana anazotumia kuunganisha kishaufu na mkufu, yaani msumeno wa uzi, tupa ndogo, vibano, jiliwa la mkononi na mwali mdogo, ndizo hizohizo zinazohitajika hapa, na anayepita mitaa ya masonara ya mji wowote wa pwani atavipata vifaa hivi bila kuagiza kitu nje.

Bawaba yake huanza na mrija. Mrija wenye kipenyo cha milimita 1 huwakilisha bomba la milimita 16, kipimo kinachofaa bawaba nyingi za kifaru. Hukatwa kwa kuuviringisha chini ya wembe huku waya ukiwa ndani ili usibonyee, na vipande vyake hulehemiwa kimoja upande huu, kinachofuata upande ule, vikiwa vyote vimepangwa juu ya waya mmoja ili vinyooke. Hatari ni lehemu kuingia ndani na kuigandisha bawaba nzima. Kinga yake ni kutumia waya wa chuma kisichoshika kutu wakati wa kulehemu, uliosuguliwa kwa penseli laini au kupakwa mafuta kidogo, kwa kuwa lehemu haiushiki. Ukimaliza unauchomoa na kuweka pini ya kudumu. Asiyepata mirija ya shaba anaweza kutumia sindano mpya za hospitali, ambazo hupimwa kwa namba: ya 21 ina kipenyo cha nje cha milimita 0.8, ya 23 ina takriban 0.64 na tundu la zaidi kidogo ya 0.3, ambamo uzi wa gitaa uliotajwa hupita kwa raha. Chuma chake hudai dawa kali zaidi ya kulehemu, na ncha yake ikatwe mapema, kabla haijatafuta kidole.

Kwa vigezo vyetu, unene ni wowote unaoutaka, kwa kuwa wewe ndiwe unayechagua bati. Uimara wa bawaba ya mrija unazidi njia nyingine zote mbili, kwa sababu mrija hauna mshono wa kufunguka kama ulimi uliokunjwa. Rangi huisumbua kidogo tu: pini ikiwa imefunikwa ndani ya mrija, ni miisho ya vipande pekee inayogusana. Inapoanguka ni kwenye kurudia. Mtu anaweza kutengeneza bawaba mbili za madigadi kwa mkono na zikapendeza. Akitaka makomeo 30 yaliyo sawasawa itambidi atengeneze jigi, yaani kiolezo cha kushikilia vipande, na hata hivyo jicho kali litaona kwamba la saba si ndugu wa la kumi na mbili. Kuhusu pingili 192, sijui mtu ambaye ningemshauri.

Fito za magurudumu: mahali ambapo kipimo sahihi hudanganya

Nalitenga jambo hili kwa sababu huwaangusha hata waangalifu. Magurudumu ya Tiger I yalibebwa na mikono 16, minane kila upande, na kila mkono ulishikwa na ufito wa chuma uliolala sakafuni kutoka upande hadi upande, ambao ulijisokota gurudumu lilipopanda jiwe. Mwundaji mwaminifu hupima ufito halisi, akagawa kwa 16, akaweka waya wa chuma wa kipenyo hicho, na kifaru chake kikasimama kama meza.

Sababu iko katika hesabu. Ukipunguza ufito mara 16 kwa kila upande, uwezo wake wa kupinga msokoto hupungua mara 4,096. Lakini mzigo unaousokota, yaani uzito ukizidishwa kwa urefu wa mkono, hupungua mara 65,536, kwa kuwa uzito peke yake umekwisha kupungua mara 4,096 na mkono nao umefupika mara 16. Matokeo yake ni kwamba ufito ulio sahihi kwa kipimo hujisokota sehemu moja tu ya 16 ya pembe iliyotakiwa. Kwa kuwa upinzani wa msokoto hufuata kipenyo kikizidishwa kwa nafsi yake mara nne, tiba ni kugawa kipenyo kwa mbili tena. Aidha Tiger I alikuwa na takriban tani 57, hivyo modeli yake ingepaswa kuwa na karibu kilo 14, na modeli ya plastiki kwa kawaida haifiki hata nusu yake. Kwa hiyo waya upunguzwe tena kidogo, au chombo kiongezewe uzito sakafuni.

Katika kiungo hiki ulinganisho ni mfupi. Ufito wenyewe lazima uwe waya wa chuma cha springi, kwa kuwa shaba hubaki imepinda na rezini huvunjika. Mikono inaweza kuchapishwa kwa rezini ngumu ikiwa modeli ni ya kabatini, au kukatwa kwa shaba nene na kulehemiwa ikiwa itatembea. Shaba ya kuchongwa haina kazi hapa.

Nani achague nini

Anayeingia skeli ya 1/16 kwa mara ya kwanza, akitaka modeli ya kabatini yenye vifuniko vichache vya kufungua, atapata furaha ya haraka zaidi kwa bamba moja dogo la shaba iliyochongwa lenye madigadi na makomeo, huku sehemu nyingine akiziacha kama zilivyotoka kwenye boksi. Atajifunza kukunja na kulehemu kwa vipande vilivyokwisha pimwa na mtu mwingine, na akiharibu kimoja hasara yake ni ndogo.

Anayepeleka modeli mbele ya majaji, ambapo ukingo wa kila bati huchunguzwa kwa kioo cha kukuzia, atahitaji kuchanganya: shaba ya kuchongwa kwa chochote chembamba, rezini kwa chochote cha mviringo, na bawaba za mrija kwa vifuniko ambavyo majaji wataomba vifunguliwe. Mchanganyiko huu hudai mpangilio. Bawaba zilehemiwe zote kabla rezini haijabandikwa, kwa kuwa joto la pasi huharibu rezini iliyo jirani, na viungo vijaribiwe baada ya praima, wakati bado vinarekebishika.

Mwenye kifaru cha rimoti asiweke makomeo ya kuchongwa mahali penye mtikisiko isipokuwa yamelehemiwa, na minyororo yake iwe ya chuma cha kumimina au ya rezini ngumu yenye pini za chuma, wala si rezini ya kawaida, ambayo itamwachia pingili njiani uani kwake. Kwa madigadi ya mbele, ambayo ndiyo hugonga kwanza, bawaba ya mrija inamfaa kuliko nyingine. Au aiwekee pini inayochomoka yenyewe ikigongwa, ujanja ambao umeniokolea rangi mara kadhaa.

Aishiye pwani, iwe Tanga, Lamu au Muscat, afikirie chumvi ya hewani. Uzi wa gitaa wa chuma tupu hushika kutu ndani ya bawaba na kuigandisha, hata kama nje rangi ni nzima. Huko pini za shaba au za chuma kisichoshika kutu ni bora, na tone la mafuta mepesi ya cherehani liwekwe baada ya rangi kukauka kabisa, si kabla.

Aliye na muda mwingi na fedha kidogo ana njia ya mkono. Aliye na printa na muda mchache ana rezini. Na aliye na macho yanayoanza kuchoka, ambao tunaongezeka, afikirie printa kwa vitu vidogo na mrija kwa vikubwa, ayaache makomeo ya vipande sita kwa vijana au ayanunue yakiwa yameunganishwa.

Anayesoma haya akiwa amekwisha kupaka rangi modeli yake aanze na makomeo ya vifaa, kwa kuwa hayo hutengenezwa pembeni, hupakwa rangi pembeni, na huwekwa mwisho. Madigadi yake ayaache yalipo. Kuyang'oa plastiki iliyokwisha gundishwa ili kuweka bawaba mbili huharibu rangi ya uso mzima wa mbele, nayo rangi hiyo haitafanana tena na ya ubavuni.